Stoo ya Chini Ilipopewa Watoto



Wiki hii tunaomba ruhusa tuwafungulie mlango ambao sisi wenyewe tulikaa miaka mitatu bila kuufungua sawasawa. Ni mlango wa stoo ya chini. Nyumba tunayoishi, kama nyumba nyingi za mawe za Mji wa Kale hapa Mombasa, ni ya ghorofa. Familia hukaa juu. Chini, kando ya ngazi, kipo chumba kipana chenye dirisha moja la nondo linaloelekea kichochoroni. Chumba hicho ndicho kilichokuwa kikipokea kila kilichokosa mahali: jokofu lililokufa, baiskeli isiyo na magurudumu, madumu, magunia, vitabu vya shule vya miaka iliyopita, na vitu vyote vya marehemu mama mkwe wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu na ampe kauli thabiti. Kila tulipoingia tulisukuma, tukatafuta tulichokitaka, tukatoka tukipangusa vumbi.

Kilichotuzindua si vumbi. Alasiri moja ya likizo ya Agosti mwanetu wa pili, mwenye umri wa miaka saba, alikuwa akicheza gololi na wenzake kwenye baraza ya jirani. Gololi ikabingirika kichochoroni, naye akaifuata. Pikipiki iliyokuwa ikipita ikamkwaruza mguu na kumwangusha. Alhamdulillahi, mfupa haukuvunjika. Kijana wa pikipiki aliteremka akitetemeka kuliko mtoto mwenyewe, na hatukuwa na la kumlaumu, kwani kichochoro hicho ndiyo njia yake ya riziki.

Tangu siku hiyo tukawafungia watoto juu. Baada ya wiki mbili tulikuwa na watoto wanne waliojibanza kwenye kochi, shingo zimeinama juu ya simu moja, wakigombania zamu. Binti yetu mkubwa alituuliza kwa adabu, bila kulalamika, "Mama, nje tusicheze, na ndani tusipige kelele. Basi tucheze wapi?" Hatukuwa na jibu. Sisi tuliokulia mitaa hii tulicheza nage na mdako vichochoroni, tukarusha tiara juu ya sakafu za nyumba, na kila mama aliyekuwa dirishani alikuwa mama yetu. Watoto wetu tumewanyang'anya mahali hapo bila ya kuwapa pengine. Usiku ule tulishuka na tochi, tukasimama mlangoni mwa stoo, tukakipima chumba kwa macho. Kilikuwa kikubwa kuliko sebule yetu.

Tutaeleza kwanza kosa letu, kwa sababu tunaamini si letu peke yetu.

Jumamosi iliyofuata tulikodi mkokoteni na tukamwita mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Tulikuwa na hamu ya kumaliza. Jokofu lilitoka, baiskeli ikatoka, na nyuma yake zikatoka sufuria mbili kubwa za pilau zilizokuwa zimefunikwa magunia, pamoja na mafungu ya sinia. Zilikuwa zimekwisha pakiwa pale shangazi yao watoto alipotokea kutoka sokoni. Alisimama, akatua kikapu chake chini, akauliza, "Hizi sufuria mnampa nani?" Tukamwambia ni vyuma vya zamani, havitumiki. Akasema, "Hizi si za mama. Hizi ni za akina mama wa mtaa. Walichanga, wakanunua kwa ajili ya harusi na matanga, wakamwekesha mama kwa kuwa stoo yake ilikuwa kubwa. Na hicho kitanda mnachokivuta, mmemuuliza nani?"

Tulinyamaza. Baba watoto alianza kusema kwamba ni vitu vya mama yake, na kwamba sisi ndio tuliovitunza. Shangazi akamjibu kwa upole, na upole wake ulitukata zaidi kuliko ukali, "Kaka, ni vya mama yako, na ni vya mama yangu pia. Na ndugu yetu mdogo alikufa baada ya mama, si kabla yake. Ana watoto watatu."

Hapo ndipo tulipofahamu uzito wa jambo. Mtu anapofariki, alichokiacha si mali ya yule aliyekuwa akiishi naye. Hutolewa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, na kilichobaki ni cha warithi wote kwa mafungu yaliyotajwa katika Suratun-Nisaa. Cherehani imo katika mirathi. Kitanda kimo. Hata sufuria iliyotoboka imo. Mdogo wake baba watoto alifariki miezi saba baada ya mama yao, na kwa hivyo fungu lake lilikuwa limekwisha kuwa lake, na sasa ni la mjane wake na watoto wake wadogo. Mtu mzima anaweza kusema, "Mimi nimesamehe." Mtoto mdogo hawezi kusamehe haki yake, wala mlezi wake hana mamlaka ya kuigawa kwa ukarimu. Na sote tunajua jinsi sura hiyo hiyo ilivyoonya juu ya kula mali ya mayatima kwa dhuluma. Sisi tulikuwa tayari kuiuza kwa kilo.

Mnunuzi alikuwa muungwana, akazishusha sufuria pasipo neno. Tukafunga mlango, na kazi ikasimama wiki tatu. Watoto walinung'unika, lakini wiki tatu hizo ndizo zilizotuokoa.

Jambo la kwanza tulilolifanya ni orodha. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na stoo ni mahali ambapo mali hupotea ikiwa imekaa palepale. Tulinunua daftari la shilingi chache, tukakaa na shangazi na kaka mkubwa, tukaandika kila kitu kwa mafungu manne. Fungu la kwanza lilikuwa vitu vyetu wenyewe, tulivyovinunua na kuvitupa humo. La pili, vitu vya marehemu. La tatu, amana za watu. La nne, taka. Tunawashauri wote wenye stoo waanze hivyo kabla ya kuinua hata dumu moja. Swali la "kinatufaa au hakitufai?" lije baada ya swali la "ni cha nani?"

Amana zilikuwa nyingi kuliko tulivyodhani. Mbali na sufuria na sinia za mtaa, tulikuta mikeka miwili iliyoandikwa jina la jirani aliyehamia Likoni, na kifurushi cha vitabu vya chuo kilichokuwa cha madrasa. Tulivirudisha vyote. Akina mama wa mtaa walikuja na orodha yao, wakahesabu sinia moja moja, na wakazipeleka kwa mama mwingine mwenye nafasi. Mzee wao alituambia kwamba walikuwa wakiona haya kuzidai, kwa kuwa nyumba ilikuwa ya msiba. Miaka mitatu walikodi sufuria kwa pesa huku zao zikiwa chini ya magunia yetu.

Kwa mirathi tulimwomba sheikh wa msikiti wetu akae nasi. Marehemu hakuacha wasia, na tulipouliza hatukupata mwenye kumdai. Fundi seremala na mfanyabiashara wa vitu vya kale walitusaidia kukadiria thamani: kitanda cha mvule, cherehani, saa ya ukutani, meza, vyombo vya shaba, na sanduku lake la mbao lenye misumari ya shaba. Jumla ilifika shilingi 42,000. Warithi walikuwa wana watatu na binti mmoja, kwa hivyo yakawa mafungu saba, kila mwana mawili na binti moja. Kila fungu lilikuwa shilingi 6,000. Fungu la marehemu mdogo wao, shilingi 12,000, liligawiwa tena: thumuni kwa mjane, yaani shilingi 1,500, na shilingi 10,500 zilizobaki kwa mwanawe wa kiume na binti zake wawili, mvulana 5,250 na kila msichana 2,625.

Si fedha nyingi. Lakini mjane yule alipozipokea alilia, na hakulia kwa sababu ya kiasi. Alituambia kwamba tangu mumewe afariki hakuna aliyewahi kumtajia kwamba watoto wake wana chochote katika nyumba hii. Tuliinamisha vichwa. Tulikuwa tukimtumia sadaka kila Ramadhani, na kumbe tulikuwa tumekalia haki yake mwaka mzima.

Aliyetaka kitu alikichukua kwa thamani yake ndani ya fungu lake. Shangazi alichukua cherehani na akapokea kilichobaki kwa fedha. Baba watoto alichagua sanduku la mama yake lililokadiriwa shilingi 9,000, na akapata shilingi 3,000 mkononi. Sanduku hilo ndilo kitu pekee cha marehemu kilichobaki katika chumba, na mtalisikia tena baadaye.

Baada ya hapo stoo ilikuwa karibu tupu, na tukaingia kazini kwa moyo mweupe. Nyumba yetu ni ya wakfu, nasi ni wapangaji. Tulimjulisha msimamizi, akakubali usafi, chokaa na ukarabati mdogo, akatukumbusha tusivunje wala kupanua chochote, kwa kuwa Mji wa Kale ni eneo la hifadhi na mabadiliko ya jengo yanahitaji idhini. Hatukuhitaji kuvunja.

Tulianza na hatari. Stoo huficha sumu ambazo watu wazima wamezisahau. Tulikuta dawa ya panya ndani ya kopo la maziwa na mafuta ya taa ndani ya chupa ya soda. Tunawasihi sana akina mama, msitie mafuta ya taa wala dawa za kufulia katika chupa za vinywaji, kwani mtoto huijua chupa na hajui kilichomo. Na ikitokea mtoto amekunywa mafuta ya taa, asitapishwe. Apelekwe hospitali mara moja, kwa sababu kumtapisha huweza kuyaingiza mafuta mapafuni.

Tulimwaga maji yote yaliyotuama katika madumu na mitungi. Miaka ya karibuni Mombasa imepigwa na dengi na chikungunya, na mbu anayeeneza maradhi hayo huzaliana katika maji yaliyosimama kwenye vyombo, naye huuma mchana, wakati watoto wanapocheza. Magunia tuliyakung'utia nje, tukiwa tumevaa viatu na glavu, kwa ajili ya nge na tandu. Watoto hawakushiriki kazi hiyo.

Kisha tukaja kwenye unyevu. Ukuta wa upande wa kichochoro ulikuwa umevimba, na rangi ilikuwa ikibanduka kama maganda. Fundi wa kwanza alituambia tupige plasta ya saruji na rangi ya mafuta, gharama yake zaidi ya shilingi 20,000. Fundi wa pili, mzee aliyezeekea katika kazi za nyumba hizi, alitutoa nje akatuonyesha juu. Mfereji wa bati wa paa ulikuwa umetoboka, na kila mvua ya masika ulimwaga maji juu ya ukuta uleule. Alituambia tuuzibe kwanza, kisha tuupe ukuta muda wa kukauka. Akatueleza kwamba mawe ya matumbawe hunywa maji na kuyatoa polepole, na chokaa huyaruhusu yatoke. Saruji na rangi ya mafuta huyafungia ndani, yakatafuta njia pengine, na plasta ikavimba upya. Waliojenga kwa chokaa walikuwa wakiujua ukuta wao.

Tukauziba mfereji, tukaacha dirisha wazi wiki mbili. Rangi kuukuu tuliibandua ikiwa imelowa maji, si kavu, kwa sababu baadhi ya rangi za mafuta za zamani zina madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru akili za watoto. Vipande tulivikusanya kwenye mfuko na sakafu tukaipangusa kwa kitambaa kibichi. Kisha tukapaka chokaa wenyewe, baba watoto na mjomba wao na sisi, mikono mitatu myembamba, tukiulowesha ukuta kabla ya kila mkono. Chokaa mbichi huunguza ngozi na macho, kwa hivyo tulivaa glavu na kujifunga mitandio usoni, na watoto walikaa juu hadi ilipokauka. Chumba kilipokuwa cheupe, mwanga wa dirisha lile moja ulitosha mchana kutwa. Hatukujua kamwe kuwa chumba kile kina mwanga.

Dirishani tuliweka wavu wa mbu kwenye fremu ya mbao. Taa tuliongeza moja, na soketi mbili za chini tukazifunika. Rafu zilitengenezwa kwa mbao zetu kuukuu zilizopigwa msasa, fupi, zisizozidi kimo cha mtoto, na zikakazwa ukutani kwa skrubu ili asije mtoto akazikwea zikamwangukia. Chini tulitandika mikeka miwili mipana. Hatukuweka zulia, kwani zulia katika chumba cha chini hunuka unyevu, na mkeka huanikwa juani kila Ijumaa.

Na sanduku la bibi yao likawa kasha la vitu vya kuchezea. Lakini kifuniko chake kilikuwa kizito, cha kuvunja vidole, na komeo lake lingeweza kumfungia mtoto ndani asipate hewa. Tulikifungua kifuniko kwenye bawaba zake na kukihifadhi chini ya kitanda chetu. Shangazi alisononeka kidogo, kisha akasema kwamba mama yake angefanya vivyo hivyo.

Hesabu yetu ni hii. Mkokoteni kwa safari mbili, shilingi 800. Mfereji na ujira wa fundi, 1,300. Chokaa na brashi, 1,600. Wavu na mbao za fremu, 700. Taa na vifuniko vya soketi, 600. Mikeka, 1,800. Skrubu, misumari na msasa, 400. Glavu na barakoa, 300. Jumla ni shilingi 7,500. Vitu vyetu wenyewe tulivyouza, yaani jokofu na baiskeli na mabati, vilitupa shilingi 1,900. Shilingi 3,000 ni zile za baba watoto. Zilizobaki, 2,600, tulizipunguza katika matumizi ya nyumbani kwa miezi miwili.

Vitu vya kuchezea havikuingia katika hesabu kwa sababu hatukununua hata kimoja. Vipande vya leso zilizochakaa vilishonwa wanasesere na kujazwa sufi. Vifuu vilisafishwa vikawa vyombo vya mapishi. Fundi seremala alitupa vipande vya mbao, watoto wakavipiga msasa, vikawa matofali ya kujengea. Ubao wa bao ulikuwa wa babu yao mzaa mama, naye yu hai na ametoa kwa ridhaa yake. Gololi zipo, lakini zimewekwa juu kwenye kopo, kwa kuwa mdogo wetu ana miaka miwili na kila kinachoingia kinywani mwake huweza kumkaba.

Yuko jirani aliyetuuliza, kwa nia njema, kama si afadhali chumba hicho kingefanywa darasa la Kurani, badala ya kukitoa kwa mchezo. Swali lake ni la kuheshimiwa. Lakini tulikumbuka kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, hakuuona mchezo wa mtoto kuwa upuuzi. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Bibi Aisha alikuwa akicheza na wanasesere pamoja na wenzake. Mtume alipoingia wale wasichana walijificha kwa haya, naye akawarudisha kwake waendelee. Katika riwaya ya Abu Dawud, Mtume aliona miongoni mwao farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa na akauliza habari yake. Bibi Aisha akajibu kwamba nabii Sulaiman alikuwa na farasi wenye mbawa, naye Mtume akacheka hadi magego yake yakaonekana. Wanazuoni wengi wameitegemea hadithi hiyo katika kuwaruhusu watoto wanasesere wao. Na yupo yule mtoto Abu Umayr, aliyekuwa na kindege chake; kilipokufa Mtume alimliwaza kwa maneno ya utani yanayolingana na jina lake. Kiongozi wa umma alipata wakati wa kindege cha mtoto. Kurani watoto wetu wanaisoma chuoni asubuhi na jioni, alhamdulillahi, na tangu wapate mahali pa kuchezea, walimu wao wanasema wanatulia zaidi.

Chumba kina kanuni chache. Adhana ikilia, mchezo husimama. Kila kitu hurudi sandukuni kabla ya mtu kupanda ngazi. Simu hazishuki. Watoto wa jirani huja kwa idhini ya mama zao, na mama zao wanajua saa za kuja na kuondoka. Mlango tumeuondoa komeo la ndani na haufungwi wakati watoto wamo. Mmoja wa watu wazima hukaa ngazini au hupita mara kwa mara. Hili msilione dogo. Kuna mambo hufanyika penye milango iliyofungwa ambayo familia zetu huona haya kuyataja, na kinga yake ya kwanza ni mlango ulio wazi na jicho la mzazi.

Tunajua wengi wenu hamna chumba cha chini. Mnaishi katika nyumba za vyumba viwili Kisauni, Majengo au Changamwe, na stoo yenu ni uvungu wa kitanda na juu ya kabati. Hata hivyo pembe ya mkeka mmoja hupatikana. Tazameni uvungu, veranda, nafasi iliyo chini ya ngazi. Andikeni kilichopo. Rudisheni cha watu. Kama yumo marehemu, waiteni warithi wake, hata kama ni kwa cherehani moja, na mkikosa kuelewana mwendeeni sheikh mnayemwamini au ofisi ya Kadhi kabla ya maneno kuwa makali. Kilichobaki baada ya hapo ndicho chenu, na humo ndimo mtoto atakapopata nafasi ya kucheza bila ya kukalia haki ya mwingine.

Siku hizi kila Jumamosi watoto wa marehemu ami yao huja kushinda nasi. Juma lililopita yule binti mdogo aliinama juu ya sanduku, akanusa mbao zake, akauliza kwa nini linanuka udi. Shangazi yake alikuwa ameketi mkekani. Akamwambia, "Njoo hapa karibu, nikueleze habari za bibi yako." Watoto wote wakaacha walichokuwa wakifanya, wakamzunguka.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, atusamehe tuliyoyakalia kwa kutojua, na atujaalie watoto wetu kuwa kitulizo cha macho yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.